Kimya cha Zaburi ya Malango

Usiku ule nililala nimenuna, na aliyeninunisha ni kijana niliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani ndoto yangu niliitafuta kwa mfungo au kwa maombi. Sikuomba chochote mimi. Nilijifunika shuka gubigubi, nikamgeuzia mume wangu mgongo, nikalala na kinyongo changu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kimya. Utacheka, lakini ngoja nikueleze kwanza.

Kanisa letu liko Bonde, kule Tanga, mlimani, juu ya yaliyokuwa mashamba ya mkonge, na kwaya yetu inajulikana kwa nyimbo za mtu mmoja tu. Ni Mwingereza wa karne ya kumi na nane, mtunzi wa zaburi na nyimbo za kanisani. Tuliambiwa hakuwa bwana mkubwa. Alikuwa fundi wa kazi za mikono, na siku za mapumziko alitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji akiwafundisha wakulima kuimba kwa sauti nne. Jina lake lilitushinda kulitamka, kwa hiyo tangu zamani sisi tunamwita Mwenyewe. Tukibishana juu ya wimbo, mtu atauliza, "Mwenyewe kasemaje?" na ubishi umekwisha.

Aliyetuletea Mwenyewe ni Mwalimu Erasto, Mungu amrehemu. Padri mmoja mzungu alipokuwa anarudi kwao alimwazima kitabu cha nyimbo zile kwa majuma matatu. Mwalimu akakaa na kaunta buku lake, akanakili nyimbo kumi na saba, sauti zote nne, akazigeuza nota za mistari kuwa solfa, zile herufi za do-re-mi, na maneno ya Kiingereza akayageuza kuwa Kiswahili kitamu ambacho mpaka leo sijasikia kikwazo ndani yake. Kazi yote hiyo aliifanya kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto uliliwa na korona, mashine ya kukwangulia mkonge kule kiwandani, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Karatasi aliizuia kwa jiwe ili isisogee.

Basi ukifika Korogwe, ukifika Pangani, useme unatoka kwaya yetu, watakuuliza, "Ninyi ndio wale wa Mwenyewe?" Nasi hujibu ndio sisi, na kidevu tunakiinua kidogo. Tumezika watu kwa nyimbo zile, tumeozesha watu kwa nyimbo zile. Mimi niliingia alto nikiwa na miaka kumi na minne, na sasa ni mwaka wa arobaini. Mwalimu alipofariki, miaka tisa iliyopita, walinisimamisha mbele kuongoza. Kaunta buku tulimzika nalo, kifuani, kama alivyousia. Hatukulihitaji tena maana kila mtu alikuwa na sehemu yake kichwani.

Kubwa kuliko zote ni Zaburi ya Malango. Besi wanaanza, wanayaamuru malango yainuke. Teno wanapokea, soprano wanapokea, sauti zinakimbizana hadi unadhani kanisa litapaa. Halafu ghafla, kimya. Mapigo mazima manane hakuna anayetoa sauti. Watu wanashika pumzi. Kisha wote kwa pamoja tunalipuka kwamba ni Mfalme, ndiye yeye, na mabati yanatetemeka. Nimewaona wanaume wazima wakitoa leso mahali pale. Kuna padri aliyewahi kuhubiri nusu saa nzima juu ya kimya kile. Alisema katika Biblia malango yanauliza kwanza ni nani anayekuja, lakini sisi swali hilo tumewaachia wanaosikiliza, kila mtu aulize moyoni mwake. Tulitoka kanisani siku ile tunatembea kwa maringo.

Sasa aje Danieli. Danieli ni mtoto wa pale pale, solfa nilimfundisha mimi akiwa na miaka saba, akaenda chuo cha muziki, akarudi mwaka jana. Ijumaa ile tulikuwa na mazoezi. Jumapili yake Askofu alikuwa anakuja kulizindua kanisa baada ya kupanuliwa, na kwaya za parokia zote zingekuwepo. Danieli akanyoosha mkono kwa adabu.

"Mama, naomba kusema. Nimeipata Zaburi ya Malango kama ilivyochapwa kwao. Hapa kwenye kimya pana nota."

"Nota za nani?"

"Za alto, Mama. Wengine wote wananyamaza, alto wanabaki peke yao. Wanauliza 'ni nani' mara tatu."

Nikacheka. "Danieli mwanangu, mimi ni alto tangu mama yako hajaolewa. Ningekuwa na nota hapo, si ningezijua?"

"Ndiyo maana nimekuletea uone."

"Unanionyesha mimi?"

Vijana wa teno wakaguna. Danieli akaninyooshea karatasi, nami nikaikunja mara nne bila kuitazama, nikaitia kwenye mkoba. Nikamwuliza kama anataka kusema Mwalimu Erasto alikosea, miaka yote hiyo, mbele ya maaskofu watatu.

"Sikusema alikosea, Mama. Nimesema pana nota."

Mwenyekiti wa kwaya akakohoa, akasema tulale tulitafakari, kesho asubuhi tuamue. Mimi sikuwa na la kutafakari. Nikafunga kanga yangu kiunoni nikawaambia, "Mkitia nota kwenye kimya cha Mwalimu, tafuteni wa kuwasimamia Jumapili. Mimi simo." Nikatoka. Njiani nilijua nimesema neno ambalo halirudi. Lakini ningefanyaje? Marehemu hana wa kumtetea ila waliobaki.

Basi ndivyo nilivyolala.

Nilikuwa natembea kati ya nyaya za kuanikia katani, zile nyuzi za mkonge, mchana kweupe, jua la saa sita. Nyaya zile zilishang'olewa zamani, nalijua hilo hata ndani ya ndoto, lakini zipo. Katani imetundikwa nyeupe upande huu na upande huu. Nasikia korona inanguruma upande wa kiwandani, kisha inanyamaza, na ndipo namwona Mwalimu Erasto anakuja. Amevaa suti yake ya kaki ya Jumapili. Mkono wa kushoto wa koti umekunjwa na kubanwa kwa pini, kama siku zote. Nilitazama makusudi, maana nilitegemea huko aliko wangekuwa wamemrudishia mkono. Hawakumrudishia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

Ndivyo alivyokuwa akimwambia kila mtu, hata aliyewahi. Machozi yakanilengalenga kwa furaha. Anatembea mbele kwa ile kasi yake, nami namfuata, na katani niliyokuwa naipita imekuwa majoho meupe, na ndani ya majoho mna watu. Sishangai. Namwona Mzee wa besi aliyekuwa na kikohozi, hana kikohozi tena. Nawaona soprano wawili waliokufa mwaka mmoja. Namwona Tabita wangu, mwenzangu wa alto, tuliyesimama bega kwa bega miaka kumi na mitano hadi alipofia hospitali. Tabita anajisogeza kidogo kunipa nafasi, kama alivyozoea, na ananifinya kidole. Mkono wake una joto.

Tuko kanisani. Ni kanisa la zamani, lile la makuti lililobomolewa nikiwa msichana, lakini viti ni hivi vipya vya sasa. Wamejaa watu. Kwenye kiti cha mbele ameketi mgeni mmoja peke yake.

Hakuna aliyenitambulisha, nikamjua. Ni Mwenyewe. Nilikuwa nimemtegemea mrefu, kumbe ni kafupi tu. Amevaa nywele za bandia, nyeupe, zimefungwa utepe nyuma, na suruali inaishia magotini, na soksi zake zimeshonwa kisiginoni kwa uzi wa rangi nyingine. Viatu vimeganda udongo mwekundu wa kwetu. Mikono yake nimeipenda. Ni mikono ya mtu wa kazi, ina sugu.

Mwalimu anapanda mbele, anaweka kaunta buku juu ya kile kimeza chake. Anatutazama mmoja mmoja.

"Ametembea tangu alfajiri," anasema. "Msinitie aibu."

Lo! Moyo ulinijaa nikadhani joho litapasuka. Nikajisemea, leo utasikia, Mwenyewe. Utasikia tulivyokutunzia mali yako. Huko kwenu huenda wamekusahau, huenda kaburi lako limeota majani, lakini huku Bonde watoto wanakuimba wakichota maji.

Tukaanza na wimbo wa Pasaka. Anaupokea kwa mguu, anapiga sakafu polepole na kiatu chake cha udongo, tap, tap, anafuata mapigo. Kiswahili hakijui, inaonekana, lakini anajua kila mahali palipo na furaha na anatabasamu kabla hatujafika. Tukaimba ule wa mazishi. Hapo mahali pakabadilika, tuko nyuma ya nyumba ya kina Tabita na jeneza la Tabita lipo, na Tabita amesimama kando yangu anauimba, na wala hauimbi kwa huzuni. Mguu wa mgeni bado unapiga. Tukaimba wa harusi, na mimi ndiye bibi harusi, nina shela, naona viatu vya mume wangu vilivyombana siku ile. Mgeni yupo kwenye kiti kilekile. Amefumba macho, kichwa anakitikisa kidogo kama mtu aliyeonja mchuzi ukamkolea.

Najivuna, sitaki kuficha. Sijapata kujivuna namna ile katika maisha yangu.

Kisha Mwalimu anafungua Zaburi ya Malango.

Besi wakaanza. Teno wakapokea. Mkono wa Mwalimu uko hewani, unakata, unapandisha, ule mkono mmoja uliotufundisha yote. Tunafika chini ya ukurasa. Mkono unaacha hewa, unashuka kwenye kaunta buku kugeuza karatasi, na sisi tunanyamaza. Hiyo ndiyo sheria yake ya kwanza kwetu, niliikuta siku niliyoingia: mkono ukilala, mdomo ulale. Kimya. Kile kimya chetu kinachotoa leso mifukoni.

Na katikati ya kimya nasikia, tap, tap, tap, tap.

Mguu wa mgeni haukusimama. Unaendelea kupiga kana kwamba wimbo bado unaimbwa. Na uso ameugeuza, hamtazami Mwalimu, hawatazami besi. Anatutazama sisi alto. Nyusi ameziinua. Anangoja.

Mkono ukarudi hewani, tukalipuka na jibu letu kwa nguvu zote. Mgeni akatazama chini. Hakukasirika. Aliinamisha uso kwa adabu, kama mgeni aliyerukwa na sahani ya chakula naye hataki mwenye nyumba agundue.

"Tena," akasema Mwalimu.

Tukarudia. Mkono ukashuka, karatasi ikageuka, tukanyamaza. Tap, tap, tap, tap. Macho yale yakaja kwetu, yakangoja, yakashuka.

"Tena."

Mara ya tatu nilishindwa kuvumilia. Aibu ilinichoma hadi masikioni. Wimbo umekwisha, watu wote kanisani wamegeuka wananitazama, nami nimetoka kwenye mstari, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya mbele ya Mwalimu Erasto.

"Mwalimu, huyu mtu anangoja nini kwetu?"

Akafunga kaunta buku, akashuka, akapita mlangoni, na mlango ule unaingia nyumbani kwake. Yuko mezani, kijana, kibandiko cha dawa bado kiko kwenye kigutu. Kitabu cha padri kiko wazi mbele yake. Jiwe liko juu ya karatasi. Anaandika, nami nasimama nyuma ya bega lake, na ninaona kwa macho yangu anaandika mstari wa alto. Ameuandika wote. Hakuruka hata nota moja. Chini ya nota ameandika maneno, ni nani, ni nani, ni nani, kwa mwandiko wake ule ulionyooka. Kisha karatasi ikaisha, akaigeuza kwa mkono uleule ulioshika kalamu.

Nyuma yangu kuna kelele za mazoezi. Ni alto wa kabla yangu, kina mama wenye watoto mgongoni, nami simo bado. Mwalimu anawaongoza. Wanafika mahali pale, mkono unakwenda kwenye karatasi, na kina mama wananyamaza, maana nani ataanza peke yake bila mkono? Anawafokea. Anaanza upya. Wananyamaza. Padri wa siku zile anasogea, anamnong'oneza, anataka kumgeuzia ukurasa. Mwalimu anakaza shingo.

"Sihitaji kusaidiwa."

Maneno yale nayajua. Niliambiwa na mimi. Mwaka ule nilioingia, nikiwa na miaka kumi na minne na kiherehere changu, nilikwenda mbele nikamwambia Mwalimu nimgeuzie. Alinijibu hivyohivyo mbele ya kwaya nzima, tena kwa ukali, akasema yeye si kilema wa kuhudumiwa na watoto. Nilirudi kwenye mstari nikilia. Sikumsogelea tena na karatasi zake hadi nilipomwekea kifuani kwenye jeneza. Na jambo hilo nilikuwa nimelisahau kabisa, au nilikuwa nimejisahaulisha.

Tumerudi kanisani. Mwalimu ni mzee tena. Tumesimama yeye na mimi tu mbele, na kwaya yote ya marehemu inatusubiri.

"Mkono ulichukuliwa na mashine," akaniambia. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kumsikia nayo. "Sauti yenu niliichukua mimi."

Nikataka kumkatalia. Nikataka kumwambia kimya chake ni kizuri, watu wanakililia, padri alikihubiri.

"Njoo," akasema. "Nigeuzie ukurasa."

Jamani. Yule, Mwalimu Erasto, ananiomba mimi! Nilitembea hatua nne zile kama natembea kwenda kupewa kiti cha enzi. Nikasimama kushoto kwake, upande ambao hakuna aliyepata kuruhusiwa kusimama, pini ya mkono wa koti ikinigusa bega. Akainua mkono. Besi wakaanza, malango yakaamriwa, teno wakapokea, soprano wakapokea, tukashuka ukurasa wote hadi chini. Nikageuza karatasi.

Mkono haukwenda popote. Ulibaki hewani, ukaja kwetu alto, wazi, kiganja juu, kama anayempa mtu njia. Tabita akavuta pumzi, nami nikavuta.

Tukauliza. Mara ya kwanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza nyuma ya mlango uliofungwa. Mara ya pili juu kidogo. Mara ya tatu juu kabisa, peke yetu, kanisa zima likisikiliza sauti ambayo kila siku hufunikwa na soprano. Si nota ngumu. Mtoto angeziimba. Nilikuwa nikitetea zisiimbwe, mimi niliyezaliwa kuziimba, na jana tu nilitaka kuihama kwaya kwa ajili hiyo! Na jibu lilipotoka kwa wote, Mfalme, ndiye yeye, kwa mara ya kwanza nikalisikia ni jibu. Miaka arobaini tulikuwa tunamjibu mtu ambaye hakuuliza.

Mgeni amesimama. Amezivua zile nywele za bandia, amezishikilia kifuani kwa mikono yote miwili. Kichwa chake kina upara, kinang'aa jasho, kama cha baba yangu. Aliinama mbele yetu sisi alto, akakaa chini.

Mwalimu anafunga kaunta buku. Naona majoho yanaanza kuwa katani upande wa nyuma, najua muda umeisha, nikamshika mkono wa koti ule mtupu.

"Niwaambie nini, Mwalimu?"

"Mwambie kijana amesoma sawasawa."

Na mimi, na hasira zangu, hata mbele ya wafu sikubali kirahisi. "Na kimya, je? Watu wanakipenda!"

Akacheka. Mwalimu Erasto alikuwa hacheki. "Hata mimi nilikipenda," akasema. "Ndiyo maana nilinyamaza hadi kaburini." Kisha akaniuliza, "Nani kamfundisha kusoma?"

"Solfa nimemfundisha mimi. Mistari kaisomea chuoni."

Basi akanyooka mgongo, akajirekebisha tai kwa ule mkono wake, akamgeukia mgeni kwenye kiti cha mbele. Natamani kila mtu wa kwaya yetu angemwona uso wake wakati ule.

"Ni wetu huyo," akamwambia.

Nilishtuliwa na taa. Mume wangu amesimama katikati ya chumba na panga mkononi, taulo kiunoni, anatazama dirisha.

"Yuko wapi?" akanong'ona.

"Nani?"

"Wewe ndiye unauliza! Umeuliza ni nani, ni nani, ni nani, tena unazidi kupandisha. Nimejua tumeingiliwa."

Nikacheka hadi nikalia, kisha nikalia kweli, naye maskini akaweka panga chini akakaa kitandani akinipapasa mgongo. Nilimweleza yote. Akasikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Sasa si uende? Kumeshakucha." Nje majogoo walikuwa wanamalizia kuwika.

Niliitoa karatasi ya Danieli nikaisogeza dirishani. Ile mistari siijui, kwangu ni nyaya tupu. Lakini chini yake, kwa penseli, alikuwa amenigeuzia alto yote kwa solfa, herufi kubwakubwa, maana anajua macho yangu. Nikaziimba taratibu. Siwezi kuapa kwamba ni zilezile nilizoimba na Tabita, ndoto haikubali kupimwa namna hiyo. Najua tu kwamba zilinikaa kooni bila kuzitafuta.

Nikajitanda kanga nikapanda kwa kina Danieli. Nilimkuta uani, amechuchumaa na mswaki mdomoni. Aliponiona alisimama upesi kama mtu aliyefuatwa kukamatwa.

"Shikamoo, Mama. Kama ni ya jana, mimi niko tayari kuomba radhi. Tuache kama alivyofundisha Mwalimu."

"Marahaba. Hebu nyamaza, nimetumwa."

"Na nani?"

"Mwalimu Erasto. Amesema umesoma sawasawa."

Alibaki na povu mdomoni, ananitazama kama nitacheka. Sikucheka. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifuta uso mzima na mkono wa fulana, macho na povu pamoja.

"Amesema hivyo, Mama?"

"Kasema. Na kuna mgeni alikuwepo, Mwalimu akamwambia wewe ni wetu."

"Mgeni gani?"

"Nitakueleza njiani. Alto wenzangu bado wamelala na kesho ni Jumapili, na wana swali la kujifunza." Nikajiweka sawa mbele yake, mikono pembeni, kama mwanakwaya wa kawaida. "Nipe do."

Akasukutua, akatema, akanipa.